Nyutro niliyoiacha nje ya hesabu

Saluni ile iko mwisho wa laini hapa Busia, upande wa Uganda, mita 400 kutoka kwenye transfoma. Kila jioni drayaa zake zilikuwa vuguvugu tu. Duka la jirani nalo likilalamika kwamba balbu zake haziishi kuungua. Sikuelewa laini moja inawezaje kuwa na umeme mdogo na mkubwa kwa pamoja.

Daftari la vipimo lilionyesha jumla ya ampea 90, karibu zote za maduka ya mwishoni. Laini ina nyaya tatu za moto, ziitwazo fezi. Nikagawa kwa tatu, kila fezi 30, kama tulivyozoea darasani. Waya ni alumini ya milimita za mraba 50, omu 0.641 kwa kilomita, yaani omu 0.256 hadi pale. Ampea 30 mara omu hizo ni karibu volti 8 zinazopotea njiani; kutoka volti 240 zikabaki 232. Karatasi yangu ikasema hakuna tatizo, na mama wa saluni amesimama mbele yangu.

Fundi mmoja mzee akaitazama ile karatasi. "Mwanangu, wewe umegawa kwa tatu. Hawa watu nani aliwagawa?"

Tukapima kila waya peke yake: nyekundu 60, njano 20, buluu 10. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, 46!

Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea. Fezi zikilingana, mikondo yake hufutana kwenye nyutro. Zisipolingana, kinachobaki hurudi kupitia waya huo, nao una omu zake. Nyutro ya mwishoni inavutwa kuelekea fezi yenye mzigo. Nikapiga hesabu upya, kila fezi na pembe yake, maana fezi hupishana kwa digrii 120: nyekundu volti 213, njano 239, buluu 245. Ndiyo, buluu ilipanda juu ya volti za transfoma yenyewe. Saluni ilikuwa nyekundu, jirani buluu.

Kwa laini zenye matawi sasa natumia jedwali la kompyuta. Naanzia nguzo za mwisho, najumlisha ampea hadi transfoma. Kisha nashuka tena nikitoa volti, nyutro ikiwamo. Volti zikibadilika, ampea nazo hubadilika, basi narudia mpaka tarakimu zitulie. Kwa kawaida mizunguko michache inatosha.

Tulihamisha maduka kadhaa, tukapata 35, 30 na 25. Nyutro ikashuka hadi ampea 9, na saluni ikasoma volti 229.