Siku moja maishani mwangu: kufuatilia faili za ajali Lubumbashi

Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya udalali wa bima hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Wenzangu wanauza mikataba, mimi nafuata magari yaliyogongwa: polisi, garaji, kampuni ya bima, halafu polisi tena. Hivi ndivyo jana ilivyokwenda.

Saa 12:40 asubuhi. Mteja wetu mmoja wa Ruashi, mwalimu, ananipigia simu. Amegongwa kwenye barabara ya Kasenga akienda shuleni. Namuuliza kwanza kama kuna aliyeumia. Hakuna. Swali hilo linatangulia yote, kwa sababu ajali yenye majeruhi inafuata njia nyingine: PV, yaani hati ya polisi yenye maelezo ya ajali, inapelekwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na si jambo la kumalizia pembeni mwa barabara. Kisha namwomba apige picha kabla magari hayajasogezwa: namba zote mbili, vipande vya vioo pale vilipoangukia, na picha moja ya kutoka mbali inayoonyesha barabara nzima. Hiyo ya mbali ndiyo watu wanaisahau. Ukiwa na picha kumi za bampa peke yake, hakuna atakayejua nani alikuwa upande wake.

Saa 1:20. Nafika. Taksibasi ilitaka kulipita lori, ikatokeza na kumgonga Mama Mwalimu pembe ya mbele, kushoto. Usukani wa taksibasi uko kulia, kama magari mengi yanayotufikia kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, na sisi huku tunapita upande wa kulia. Dereva wa namna hiyo akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lake iwe imeshatoka nje. Bahati njema, mwendo ulikuwa mdogo.

Kijana wa taksibasi ameshika dola mkononi. “Tantine, tusikilizane tu hapa. Dola 150. Patroni akijua atanifukuza.”

Namwelewa sana. Ana verisema, fedha ya siku, ya kumpelekea mwenye gari kila jioni, na siku gari likilala polisi anabaki mikono mitupu. Mama Mwalimu naye ananitazama: bampa imepasuka, taa moja imekwisha, na shule inamsubiri. Kwa macho, 150 inaonekana kutosha. Nawaambia wote wawili kwamba hatujaona bado kilicho nyuma ya bampa. Na yule kijana namwambia: “Mdogo wangu, bima hii ni ya lazima tangu mwaka 1973. Patroni wako ameilipia. Kwa nini utoe za mfukoni mwako?”

Nasoma hati ya bima kwenye kioo chake. Naangalia tarehe, namba ya mkataba, na jambo ambalo wengi hawaliangalii: matumizi ya gari. Likiwa limeandikishwa kama gari la nyumbani huku linabeba abiria, kampuni imepata sababu ya kubisha. Hili limeandikwa usafirishaji wa abiria. Napumua.

Saa 3. Ofisi ya polisi wa barabarani. Tunakaa kwenye benchi muda mrefu. Afisa anachora mchoro wa ajali kwa rula ya mwanafunzi, polepole, kwa uangalifu, na ninapenda anavyofanya kazi yake. Lori halikusimama, kwa hiyo halimo kwenye mchoro. Namwomba aliweke kwa nukta nukta, maana bila lori hakuna anayeelewa taksibasi ilifuata nini upande ule. Anakubali. Mama Mwalimu anasoma kila mstari wa maelezo yake kabla ya kutia sahihi. Neno “kulia” likikaa mahali pa “kushoto” linaweza kuligeuza faili lote, na kurekebisha PV iliyokwisha sainiwa ni mateso.

Saa 5. Ofisini, naandika taarifa ya ajali. Hapa ndipo maelezo yanahitajika kila mara. Bima ya Mama Mwalimu ni ile ya lazima tu, inayolipa hasara unayomsababishia mwingine. Gari lake mwenyewe hailigusi. Anayepaswa kumlipa ni kampuni iliyobeba bima ya taksibasi, na barua yetu inakwenda huko.

Zamani swali la kampuni ipi ilipe halikuwapo. Tangu miaka ya 1960 SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake. Aliyegonga na aliyegongwa walipanda ngazi moja. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na kampuni binafsi zikaanza kupewa leseni mwaka 2019. Siku hizi lazima ujue ubishe hodi mlango upi, ndiyo maana picha ya hati ya kwenye kioo haikosekani katika faili zangu.

Saa 7. Faili jingine kwa dakika chache: lori la Zambia lililokwangua gari la mteja karibu na Kasumbalesa. Dereva alikuwa na kadi ya njano ya COMESA, bima ya gari linalovuka mipaka ya nchi wanachama, na nakala yake ninayo. Kadi hiyo inatufungulia njia ya kudai hapa hapa kwetu, bila kuvuka mpaka. Nakula mikate miwili nikiandika.

Saa 8. Garaji, komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Umeme umekatika, kompresa imenyamaza, na gari jingine lililokwisha pigwa masitiki ya kuziba mabonde linasubiri rangi. Papa tolye wetu, fundi wa bodi, haoni sababu ya kukaa bure. Anavua bampa ya Mama Mwalimu.

Nyuma yake, chuma cha kuzuia kishindo kimepinda. Hilo tulilitegemea. Lakini tolye anapiga magoti, anafuta vumbi jekundu kwa kitambaa, na kunionyesha longeroni ya kushoto, ule mhimili wa chuma unaobeba mbele yote ya gari. Rangi yake imejikunja mikunjo midogo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Anachukua kamba, anaivuta mshazari kutoka boliti ya kulia nyuma hadi ya kushoto mbele, anafunga fundo, kisha anavuta upande wa pili. Fundo halifiki. Sentimita moja na nusu: mbele ya gari imepinda.

“Wangempa bampa mpya na taa,” anasema, “gari lingekuwa linakula tairi ya kushoto bila yeye kujua kwa nini.”

Napiga picha ya fundo na kamba.

Kwenye taa tunabishana kidogo. Ya haraka kupatikana ni ya mtumba kutoka Zambia, lakini kule wanapita kushoto, na taa zao zinainua mwanga upande wa kushoto. Kwetu mwanga huo unamwingia machoni anayekuja mbele. Nasisitiza itafutwe ya upande wetu, hata ikichelewa. Barabara ya Kasenga usiku ina waendesha baiskeli na akina mama wenye mizigo, na dereva aliyepofushwa hawaoni.

Devi, makadirio ya gharama, inafika dola 690, vipuri, kazi na rangi kila kimoja kwenye mstari wake. Kampuni itakata uchakavu kwenye vipuri vipya, na Mama Mwalimu nimemwambia mapema asije kushtuka. Vyuma vilivyovuliwa vinabaki kwenye gunia lenye jina lake, eksperi, mkaguzi wa hasara, avione.

Saa 10. Nampigia mwenye taksibasi. Anaanza kwa hasira, na hasira yote inamwendea dereva wake. Namwacha amalize, kisha namweleza kwamba kijana alibaki mahali pa ajali, alitoa karatasi, hakukimbia. Sauti yake ikatulia. Kesho atakuja kusaini taarifa yake, na dereva anaendelea na kazi.

Saa 12 jioni. Mama Mwalimu anauliza kama anaweza kuliendesha gari wakati tunasubiri. Hapana. Namwomba aandike kwenye daftari kila nauli anayolipa kwenda shuleni, tarehe na kiasi. Nitaidai pamoja na mengine, ingawa najua watabishana nami. Eksperi anakuja Alhamisi saa 3 asubuhi. Mpaka hapo tolye hatagusa hata boliti moja.