Siku moja maishani mwangu: amplifaya iliyokuwa ikinyamaza Nyamasaria

Saa 1:30 asubuhi nafungua kibanda changu cha kutengeneza redio na amplifaya za magari hapa Kibuye, Kisumu. Kwanza napangusa meza, maana kipande cha waya kilichosahaulika juzi kinaweza kuunguza bodi ya mtu leo. Chai na mandazi mawili kwa mama wa jirani, kisha redio ya Probox moja: fyuzi tu.

Saa 2:40 anaegesha mzee anayelima mpunga Ahero. "Mwanangu, amplifaya yangu inachemka. Nikitoka nyumbani inaimba vizuri, nikifika Nyamasaria, nikikaribia kuingia Kisumu, inanyamaza. Nikiiacha ipoe, inaamka tena." Aliinunua mtumba mwaka 1998. Fundi wa kwanza aliifungia feni ya kompyuta juu, na iliponyamaza tena akamwambia anunue mpya. Hataki mpya, na mimi niko upande wake. Amplifaya za enzi hizo zina kasha zito la alumini, na ndani kila kitu unakiona kwa macho na kukibadilisha kimoja kimoja.

Kabla ya kushika bisibisi namuuliza: "Mzee, inachemka ikiimba tu, au hata sauti ikiwa chini kabisa?"

Anafikiri. Hajawahi kujaribu. Basi tutajaribu pamoja, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloniambia pa kutafuta. Ikichemka kwa muziki tu, naanza na spika, waya na hewa. Ikichemka kimya, ugonjwa uko tumboni.

Saa 3:00 napima vya nje. Betri volti 12.5, injini ikiunguruma 14.1, na penye amplifaya yenyewe 13.8, kwa hiyo waya hazina shida. Kila spika inasoma omu 3.4, kawaida kwa spika ya omu 4; omu zikipungua, mzigo wa amplifaya unazidi. Mara nyingi mkosaji huwa hapa: wufa (spika za besi) mbili za omu 4 zimefungwa sambamba zikawa omu 2, halafu chaneli mbili zimeunganishwa kuwa moja, kila chaneli ikabebeshwa omu 1. Leo sivyo.

Nachomoa spika zote na waya za sauti, naiwasha hivyo hivyo. Baada ya dakika 15 naweka kiganja. Kulia, vuguvugu. Kushoto nahesabu moja, mbili, tatu, nauondoa mkono. Mita inaonyesha ampea 4.6, na haijatoa hata mlio. Mzee anagusa pia, anatikisa kichwa.

Saa 4:20 stima inapotea soko zima. Meza yangu inatumia betri ya gari, naendelea.

Nafungua. Grisi nyeupe inayopitisha joto kati ya transista, vile vipande vinavyosukuma umeme wa spika, na alumini imekauka, naikwangua kwa kucha inatoka unga. Upande wa kushoto skrubu moja imelegea, na chini yake kuna transista ndogo, kama punje ya mahindi, imesimama mbali na alumini kiasi cha kupitisha karatasi. Hapo namwita mzee aone mwenyewe. Transista kubwa zikipata joto hupitisha umeme zaidi, na umeme ule huzidisha joto. Hii ndogo kazi yake ni kulihisi joto hilo na kupunguza umeme mapema. Isipogusa alumini, haijui kinachoendelea. Ile feni ilikuwa inapuliza moto ambao hakuna aliyeuliza umewashwa na nini.

Napima kwenye rezista za omu 0.22: milivolti 66, yaani miliampea 300 kwa kila jozi ya transista, na kushoto kuna jozi mbili zenye volti 60 kati ya plasi na mainasi, maana amplifaya huipandisha volti ya betri ndani yake. Hizo ni wati 36 za joto tupu. Pasi yangu ya kulehemu ni ya wati 40. Mzee amekuwa akibeba pasi inayowaka ndani ya buti, chini ya zulia.

Nasafisha kwa spiriti, naweka maika mpya, kile kikaratasi kinachopitisha joto na kuzuia umeme, na grisi nyembamba tu, kwa sababu ikiwa nene inakuwa blanketi. Nakaza skrubu, kisha nahakikisha kwa mita kwamba hakuna transista inayopeleka umeme kwenye alumini. Naiwasha kupitia balbu ya taa ya gari, ili kama kuna kosa iwake balbu na isiungue amplifaya. Inabaki hafifu. Naitoa balbu, nageuza kirekebishi cha umeme huo wa transista taratibu mpaka zile milivolti 66 zinashuka kuwa 6. Sasa inavuta ampea 1.3 tu.

Saa 7:00 ugali na omena. Saa 8:00 makanga anataka besi iongezwe kwenye matatu yao, namwambia kesho.

Kuanzia saa 8:30 naiacha ipige rumba saa nzima huku nikilehemu vitu vingine. Kipimajoto kinasoma nyuzi 47, kushoto na kulia sawasawa. Naifunga kwenye ubao, nje ya zulia, mapezi ya alumini yakiwa wima ili hewa ya moto ipande. Feni namrudishia mkononi.

Saa 10:15 anaondoka. Nabaki nikiangalia simu kila dakika, siwezi kujizuia.

Saa 11:20 inalia. Nyuma ya sauti yake nasikia gitaa.

"Nimefika Ahero," anasema. "Nimeigusa kushoto. Vuguvugu."