Mtoto wa Hana katika Nyumba ya Eli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Samweli 2:12 hadi mwisho wa sura ya 3, na safari hii naomba tulisome kama habari za shule. Shilo, penye nyumba ya ibada ya Waisraeli, haikuwa na ubao wala kengele, najua. Lakini ilikuwa nyumba inayoendeshwa na ukoo mmoja: baba, kuhani Eli, ndiye mkuu, wanawe wawili, Hofni na Finehasi, wanasimamia shughuli za kila siku, na mtoto wa watu wengine, Samweli, analetwa angali mdogo, anaachwa pale ale, alale, afundishwe. Mama yake, Hana, anamwona mara moja kwa mwaka. Mwenye mtoto bwenini anaijua hali hiyo.

Mahubiri mengi hukimbilia ile sauti ya Bwana iliyomwita Samweli usiku. Mimi nimekwama jikoni. Maandiko yanaeleza kwa kina jinsi Hofni na Finehasi walivyokula: nyama ya sadaka ikiwa inatokota, mtumishi wa kuhani anafika na uma wa meno matatu, anauchoma chunguni, na chochote kitakachoinuka nao ni cha wenye nyumba. Baadaye wakaona hata hiyo haitoshi, wakaanza kudai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa mbele za Bwana. Mtu akisema, ngoja kwanza, anajibiwa: toa sasa hivi, ama nitaichukua kwa nguvu. Nyumba iliyoanzishwa kwa ajili ya Mungu inapogeuka mali ya ukoo, dalili za kwanza huonekana kwenye chakula. Nani anapakuliwa kwanza, na watoto wa watu wanabakiziwa nini?

Katikati kabisa ya habari hizo chafu, mwandishi anatuonyesha Hana anashona kanzu ndogo. Kila mwaka kanzu mpya, na kila mwaka lazima iwe kubwa kidogo kuliko ile ya mwaka uliopita, kwa kipimo cha kukisia tu, maana mtoto mwenyewe hayupo nyumbani apimwe. Sidhani kama Hana hakusikia sifa za wale vijana. Habari zao zilikuwa zimeenea kwa watu wote. Hata hivyo aliendelea kupanda Shilo na kanzu yake mkononi.

Nimeisoma sura hii sambamba na historia ya shule za bweni alizoanzisha mwinjilisti D. L. Moody kule Northfield, Massachusetts, Marekani. Moody alizaliwa hapo mwaka 1837. Baba yake, fundi mwashi, alifariki ghafla mtoto akiwa na miaka 4, na mwezi mmoja baadaye mama yake, Betsy, akajifungua mapacha. Watoto wakawa 9. Wadai walikomba vitu mpaka kuni za bandani, na asubuhi za baridi watoto walibaki kitandani hadi saa ya kwenda shule ili wapate joto. Na shule yenyewe Moody hakuifaidi sana; maandishi yake yalikuwa na makosa ya tahajia hata alipokuwa amejulikana dunia nzima.

Siku moja, akiwa na mdogo wake Samuel, alipita mbele ya nyumba maskini mlimani. Mama na binti zake walikuwa wamekaa mlangoni wanasuka kofia. Baba alikuwa amepooza, hawezi kazi. Moody aliwaza: hawa mabinti watasoma wapi? Mwaka 1879 akafungua shule ya bweni ya wasichana, ikaanza na wanafunzi 25. Jengo la madarasa halikuwa tayari, kwa hiyo masomo yakaanzia kwenye chumba cha kulia chakula cha nyumba yake mwenyewe. Mkewe Emma na watoto wao walipisha meza kwa ajili ya mabinti wa watu. Mniwie radhi nikirudia, lakini ni meza ileile ya familia, na hapa mwenendo ni mwingine kabisa. Shilo ukoo ulichota kwenye chungu cha waabudu, na Northfield ukoo ukatoa meza yake.

Miaka miwili baadaye, ng'ambo ya mto Connecticut, ikaanza shule ya wavulana, Mount Hermon. Mfadhili mkubwa alikuwa Hiram Camp, mtengenezaji wa saa, na ndiye aliyependekeza jina hilo kutoka Zaburi 133, penye umande wa Hermoni na Bwana anaamuru baraka. Ada ilikuwa dola 100 kwa mwaka, karibu nusu tu ya gharama halisi. Pengo lilizibwa kwa michango, na mrabaha wa vitabu vya nyimbo alivyotoa Moody pamoja na mwimbaji Ira Sankey ulisaidia kujenga. Fedha hizo wangeweza kuzila, nazo hazikuwa haba. Wanafunzi wote walikuwa na zamu za kazi, kufua, kupika, kulima, awe mtoto wa tajiri au wa mjane. Mwaka 1886, kwenye kongamano la wanafunzi hapo Mount Hermon, vijana 100 walijitoa kwenda kuhubiri nchi za mbali.

Moody alifariki Desemba 1899. Usukani ukashikwa na mwanawe William, akauongoza miaka mingi. Leo ukoo hauzimiliki. Shule mbili ziliungana mwaka 1971, na mwaka 2005 eneo la wasichana likafungwa, wanafunzi wote wakahamia Mount Hermon. Ada ya sasa haifanani hata kidogo na ile dola 100. Eneo lililoachwa lina chuo cha Kikatoliki tangu mwaka 2019, jambo ambalo sijui mzee angelipokeaje, ingawa nadhani angefurahi kuona vitanda havikai bure.

Je, ni hasara ukoo kutoka madarakani? Eli alikuwa na ahadi kwamba nyumba yake itahudumu daima, na Bwana akaitengua kwa sababu ya wana ambao baba hakuwazuia. Halafu Samweli, yeye mwenyewe shahidi wa mambo hayo, alipozeeka akawaweka wanawe Yoeli na Abiya kuwa waamuzi, nao wakala rushwa. Biblia haikuficha. Sisi tunaoendesha shule za familia husema “mwanangu ataendeleza maono” kana kwamba maono hurithiwa pamoja na hati ya kiwanja. William alifaa, Hofni hakufaa. Damu peke yake haikutuambia lolote kuhusu yeyote kati yao.

Lakini nisimwonee Eli. Ni mzee, macho yamefifia, na usiku mmoja anaamshwa mara tatu na mtoto ambaye si wake. Mara ya kwanza anamwambia rudi kalale. Mara ya pili: “Sikukuita, mwanangu, kalale tena.” Mwanangu! Hakufoka, hakumtishia adhabu kwa kuzurura usiku. Mara ya tatu akatulia, akafahamu kwamba ni Bwana, akamfundisha mtoto maneno ya kujibu. Asubuhi akataka asifichwe kitu, naye aliposikia hukumu ya nyumba yake hakumgeuzia mtoto hasira. Mtu aliyeshindwa na wanawe mwenyewe alikuwa mlezi mwema wa bweni. Matroni na mapatroni wangapi wako hivyo, nyumbani kwao kumeharibika, na bado mtoto mwenye homa saa nane za usiku anajua mlango wa kugonga?

Wiki hii tuwaombee hao kwa majina. Tuwaombee pia wenye shule wanaofikiria nani awarithi, wapate ujasiri wa kusema hapana kwa mtoto wao ikibidi, na ndiyo kwa mgeni akifaa. Wenye watoto bwenini, msingoje siku ya kutembelea. Pigeni simu, ulizeni mtoto amekula nini, kisha mwacheni ajibu bila haraka. Na kwenye maombi ya Jumatano kila mmoja aje na jina la mtoto mmoja anayesoma mbali na kwao, hata kama si wa ukoo wake.