Alasiri tuliyoingojea Grand

Mjomba wangu alifundisha jiografia kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kila alipofika mada ya volkano alichora ubaoni mchoro uleule: mwamba wa moto chini, mfereji mwembamba katikati, na juu yake maji yanayoruka. Geiza yenyewe, yaani chemchemi ya maji moto inayoruka juu kwa vipindi, hakuwahi kuiona. Alipostaafu, safari ya kwanza aliyoitaka ilikuwa ya Yellowstone, kule magharibi mwa Marekani, akaniomba nimsindikize. Nilikubali kwa ajili yake. Ilikuwa alasiri moja tu, kwenye bonde wanaloliita Upper Geyser Basin, iliyonifanya niipende nchi ile kwa ajili yangu mwenyewe.

Tulianza na geiza iitwayo Old Faithful kama wageni wote. Jina hilo ilipewa mwaka 1870 na watu wa msafara wa Washburn, miaka miwili kabla Yellowstone haijatangazwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani, ingawa wenyeji wa asili walikuwa wakiijua ardhi ile tangu maelfu ya miaka nyuma. Viti vilikuwa vimejaa. Saa ya mlipuko unaofuata ilikuwa imebandikwa wazi, zaidi au pungufu ya dakika 10, na askari wa hifadhi, binti mmoja mwenye kofia pana, alitueleza wanavyoipata. Hupima mlipuko uliopita ulichukua muda gani. Ukiwa mfupi, maji mengi yamebaki chini, kwa hiyo mfereji hujaa upesi. Ukiwa mrefu, utangoja saa moja na nusu au zaidi. Maji yakaruka ndani ya muda aliousema, watu wakapiga makofi, na baada ya dakika chache viti vyote vilikuwa vitupu.

Mjomba hakuinuka. "Hii nimeifurahia," akasema, "lakini tabia yake wameshaijua. Nipeleke kwenye ile wanayoibembeleza."

Ile wanayoibembeleza inaitwa Grand. Ipo ng'ambo ya mto Firehole, wala si mbali, ila tulikwenda taratibu mno kwa sababu Mjomba alisimama kila baada ya hatua chache. Njia yote ni ya mbao, imeinuliwa juu ya ardhi, na kuiacha ni kosa kisheria. Sababu yake ni nzito. Ukoko wa juu unaonekana mgumu, lakini mahali pengine ni mwembamba na chini yake kuna maji yanayochemka. Zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua katika chemchemi za hifadhi hiyo tangu ianze. Tulimwona baba mmoja akimshika mwanawe mkono bila kumwachia tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, nikamheshimu.

Kando ya njia palikuwa na misonobari iliyokufa imesimama, mashina yake meupe kuanzia ardhini hadi usawa wa goti. Mjomba alichuchumaa ili aitazame vizuri. Maji ya chemchemi hubeba silika, madini yanayounda mchanga na kioo, iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Mti hufyonza maji hayo, maji hupotea kwa mvuke, silika hubaki ndani ya mbao. Mti unageuka jiwe kuanzia chini. Pale pale miguuni pake kulikuwa na kijito cha maji ya moto chembamba kuliko mkono wangu, na rangi zake zilikuwa zimepangika: karibu na tundu maji hayakuwa na rangi yoyote, kisha ikaja njano hafifu, kisha rangi ya chungwa, na mwishoni, maji yalipopoa, kahawia. Nilidhani ni madini. "Hao ni viumbe hai," Mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani. Kila rangi ni jamii ya vijidudu vinavyoweza kuvumilia kiwango fulani cha joto. Akaniambia habari za mwanabiolojia Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze, ambao mwaka 1966 walichukua sampuli kwenye bonde jirani na kupata bakteria waliyemwita *Thermus aquaticus*. Kimeng'enya (enzaimu) cha bakteria huyo hakiharibiki kwa joto kali, na ndicho kilichowezesha maabara kuzidisha vipande vya DNA mara mamilioni, kazi iliyompatia mkemia Kary Mullis tuzo ya Nobel mwaka 1993. Vipimo vingi vya Uviko vilitegemea njia hiyohiyo. Sijawahi tena kutazama utelezi wa rangi kwenye maji na kuupita.

Tulipofika Grand, hapakuwa na mlipuko. Palikuwa na dimbwi pana lenye maji maangavu, bila ukuta wala kilima chochote, na viti vichache vya mbao vyenye watu waliokaa kimya na vyakula vyao. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, amevaa kofia ya jua, redio ndogo ya mawasiliano mapajani na daftari lililojaa saa na dakika. Kumbe wapo watu wanaotumia likizo zao zote kukaa na geiza, kuandika kila mlipuko na kupashana habari kwa redio, bila kulipwa. Mjomba alimwomba radhi kwa kumsumbua, akamuuliza inangojewa nini. Yule mama alifurahi kuulizwa, ikaonekana usoni.

Akatuonyesha kando ya dimbwi tundu jingine, Turban. Hiyo hurusha maji yake mafupi kila baada ya dakika 20 hivi. Grand yenyewe huruka takriban kila baada ya saa 6 hadi 8, lakini haiondoki peke yake: huanza pamoja na Turban au muda mfupi kabla yake. Kwa hiyo kila Turban inapokaribia zamu, watu hulitazama dimbwi la Grand. Likifurika na uso wake ukianza kufanya mawimbi, kuna matumaini. Turban ikitangulia huku Grand imetulia, basi nafasi imepotea, maji yanashuka, na unaanza upya.

Ndivyo ilivyotokea. Dimbwi lilijaa mpaka likamwagika, vijiwimbi vikaanza upande mmoja, watu wakasimama. Mara Turban ikachemka na kurusha maji, na Grand ikateremka taratibu palepale mbele ya macho yetu. Mtu mmoja nyuma yetu aliguna. Familia mbili zikaondoka. Mama wa daftari aliandika dakika ile, akakaa.

Nikamwuliza Mjomba kama hajachoka. "Nimechora mfereji huu tangu wewe hujazaliwa," akanijibu. "Dakika ishirini ni kitu gani?"

Zile dakika alizitumia kunieleza mambo ambayo darasani alikuwa na muda mchache wa kuyasema. Theluji na mvua huzama kwenye nyufa hadi karibu na joto la magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyo chini ya hifadhi, kisha maji hurudi juu. Pale tulipokaa, kimo cha mita zaidi ya 2,200, maji huchemka yakifika nyuzijoto 93 tu. Lakini kule chini ya mfereji, uzito wa maji yaliyo juu huyazuia yasichemke hata yakiwa na joto kubwa zaidi. Chombo kilichoshushwa ndani ya Old Faithful kilipima nyuzijoto 118 kwenye kina cha mita 22. Tena mfereji una mahali pembamba panapobana. Mapovu yakisukuma maji kidogo yakamwagika nje, uzito unapungua, na yale maji ya chini yanageuka mvuke kwa ghafula. Mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile ya maji yaliyouzaa. Mlipuko ni huo. Na silika ileile iliyoupaka mti rangi nyeupe ndiyo inayokandika kuta za mfereji zisivuje.

Ndiyo maana geiza ni adimu, akasema, na alisisitiza jambo hili kuliko yote. Maji moto yapo sehemu nyingi. Tulipita asubuhi pale Fountain Paint Pot, ambapo kwa njia moja fupi unaona chemchemi, geiza, matundu ya mvuke, na matope yanayochemka kwa sauti ya uji mzito ulioachwa motoni. Lakini joto, maji, mwamba wenye silika na mfereji wenye umbo hasa vikutane mahali pamoja, hiyo ni bahati, na zaidi ya nusu ya geiza zote zilizo hai duniani zimo Yellowstone. Tetemeko la mwaka 1959 la Hebgen Lake, lenye ukubwa wa 7.3, lilibadilisha mamia ya chemchemi kwa usiku mmoja. Mikono ya watu ni mibaya zaidi: kule Wairakei, New Zealand, geiza zilinyamaza baada ya visima vya umeme wa jotoardhi kuchimbwa. Na hapa hapa, mwendo mfupi kutoka tulipokaa, chemchemi ya Morning Glory imepoteza buluu yake ya zamani kwa sababu wageni waliitupia sarafu na takataka, tundu likaziba, maji yakapoa, na vijidudu vya njano vikasogea katikati. Mjomba aliposema hivyo alikasirika waziwazi, nami pia. Kitu kilichochukua maelfu ya miaka kujijenga, mtu anakiziba kwa senti ya mfukoni mwake!

"Tazama maji," mama wa daftari akasema.

Dimbwi lilikuwa limejaa tena, na safari hii mawimbi hayakuwa upande mmoja. Yalitoka katikati, yakagonga ukingo, yakarudi. Turban haikuwa imeanza. Mjomba alisimama na kuishika reli kwa mikono miwili. Kisha katikati ya dimbwi maji yakavimba kama mita moja, yakakaa hivyo kwa pumzi moja, yakapasuka.

Haikuwa safu moja. Yalikuwa mishale mingi ya maji inayopishana, kila mmoja ukiupita uliotangulia, na sauti yake ilipitia kwenye mbao hadi miguuni. Turban ikaungana nayo, halafu tundu la tatu, Vent, likaanza kurusha maji kwa mshazari. Mvuke ulituzunguka, wenye joto mwanzoni na baridi ulipotua mikononi. Mjomba hakusema neno kwa dakika tisa nzima.

Kisha Grand ikaacha. Maji yote yakazama tunduni, dimbwi likabaki tupu na jeupe, na watu wakaanza kukusanya mifuko. Mama wa daftari akatuinulia kidole: ngojeni. Sekunde zikapita. Chini ya mwamba kukasikika mngurumo, na Grand ikaruka mara ya pili, ghafla na juu zaidi ya ile ya kwanza, nadhani karibu na mita 60 ambazo watu huisifia. Hapo Mjomba alipiga kelele. Alipiga kelele na watu asiowajua, amewashika mabega, nikamwona amekuwa kijana tena.

Ilipokwisha kabisa tuliketi tumelowana. Mama yule aliandika saa ya kuanza, muda, na milipuko miwili, akamgeuzia Mjomba daftari ili aone. Redio ikakoroma. Akasikiliza, akatuambia kwamba Riverside, ile inayoruka kwa upinde juu ya mto, imeanza kumwaga maji ukingoni, dalili kwamba italipuka ndani ya saa moja au mbili.

"Ni mbali?" Mjomba akauliza, na tayari alikuwa amevaa kofia yake.