Siku ya tatu baada ya gego la mwisho: sindano mkononi, mdomo kando

Gego la mwisho la chini, lile jino la hekima, likitolewa kwa kupasua fizi, siku ya kwanza hupita na ganzi na ya pili hupita na barafu. Ya tatu ndiyo inayomtesa fundi wa sweta. Mikono ni mizima, shavu limejaa kama la mtu anayeficha embe, na daftari la oda halijui habari za jino. Huku Njombe Juni ni mwezi wa baridi, shule zinafunguliwa Julai, na kila mzazi anataka ya mwanawe itangulie. Basi kazi inaendelea, ila kwa ratiba ya vidonge na kwa sharti moja: mdomo hautumiki.

Anayefuma anajua ugumu wa sharti hilo. Kwetu mdomo ni mkono wa tatu. Tunakata uzi kwa meno, tunalowesha ncha kwa mate ipite kwenye tundu la sindano, tunabana sindano ya akiba midomoni huku tunahesabu vitanzi. Yote hayo yanasimama kwa wiki nzima. Mkasi mdogo ufungwe kamba uvaliwe shingoni, maana ukiwa mezani meno yatautangulia.

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kushika uzi, kioo. Usiku kichwa kimelazwa juu ya mito miwili. Ukilala bapa, shavu linaamka zito zaidi. Mate yenye wekundu mwepesi si neno. Damu mbichi inayojaa mdomo ndiyo inayotaka shashi safi, ikunjwe iwe nene, iwekwe juu ya kidonda na ing'atwe nusu saa bila kuitoa. Wengi huitoa kila dakika tano kuchungulia, na kule kuchungulia ndiko kunakoifumua damu upya. Ikipita nusu saa mara mbili na bado inatoka, ni safari ya kwa daktari.

Hapa wafumaji wa sare wana mtego wao: uzi wa damu ya mzee. Akriliki ya rangi hiyo huacha vumbi jekundu vidoleni, ukijifuta mdomo unadhani kidonda kimefumuka. Nawa mikono kwanza, ndipo uogope.

Kusukutua kunaanza saa 24 baada ya upasuaji, si kabla. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja ya maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu. Chukua funda dogo, inamisha kichwa upande wa kidonda, yaache maji yakae pale kama nusu dakika, kisha geuza kichwa upande wa pili. Usiyazungushe kwa nguvu. Kutema nako hakuna: inama juu ya beseni, fungua mdomo, yaanguke yenyewe. Sababu ni bonge la damu lililoziba tundu la jino. Bonge hilo ndilo kiraka cha mfupa, na kinachoking'oa ni mvuto: kutema, kunyonya mrija, kuvuta sigara. Mswaki unapita kwenye meno mengine kama kawaida, ukilikwepa tundu.

Saa 1:00. Uji wa ulezi, uliopoa hadi ukigusa kidole haukuchomi, kwa kijiko. Parachichi lililopondwa na chumvi kidogo linashuka bila kutafunwa, na Njombe parachichi si la kutafuta. Baada ya kula, si kabla, ibuprofeni miligramu 400. Saa 5:00 itafuata paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500. Kila dawa inarudiwa baada ya saa nane, zikipishana kwa saa nne, kwa hiyo hakuna kipindi kirefu cha mchana ambacho mwili hauna kitu. Huo ndio mpangilio wa mtu ambaye daktari ameuridhia: mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu au mimba asiiguse ibuprofeni mpaka aulize. Na angalia vidonge vya mafua, vingi vina paracetamol ndani yake. Mtu anameza vya mafua na vya jino akidhani ni dawa mbili, kumbe amezidisha moja. Mwisho ni gramu 4 kwa siku, kwa yote pamoja.

Aliyepewa metronidazole, dawa ya kuua bakteria, ataonja chuma mdomoni kutwa. Ndiyo ladha yake, amalize dozi, na pombe asiiguse.

Saa 2:30. Kazi gani? Hili ndilo swali la siku, na wengi hulijibu vibaya. Wanachukua mbele ya sweta ya shingo ya V kwa sababu ndiyo inayodaiwa. Shingo ya V ni hesabu kila baada ya mstari mmoja. Kichwa chenye dawa na usingizi pungufu kitakosea, nawe utagundua jioni upande mmoja umezidi vitanzi vitatu. Siku ya tatu ni ya kufuma mgongo: wazi, bila shingo, kwenda na kurudi.

Mfano ni sweta ya mtoto wa miaka 8, kifua sentimita 66. Mzunguko wa sweta ikishonwa ni kama sentimita 74, kila upande 37. Kwa sindano za milimita 4 na uzi wa unene wa kati, kipimo changu ni vitanzi 22 na mistari 30 kwa mraba wa sentimita 10 kwa 10, hivyo mgongo ni vitanzi 82. Namba hiyo inagawanyika kwa 4 ikabaki 2, na ndivyo inavyotakiwa kwa pindo la chini la mbili mbele, mbili nyuma, ili ubavu wa kulia na wa kushoto vikutane bila mshono kuonekana. Pindo hilo, sentimita 5 kwa sindano za milimita 3.25, lilimalizwa kabla ya kwenda kwa daktari. Yeyote mwenye tarehe ya kung'olewa afanye hivyo: aanzishe, amalize mapindo, aache yaliyo wazi kwa siku za uvimbe.

Iliyobaki mpaka kwapani ni sentimita 20, yaani mistari 60. Hesabu isikae kichwani. Punje 60 za maharage kwenye kikombe cha kulia. Kila mstari ukiisha, punje moja inahamia kikombe cha kushoto. Ukisinzia, vikombe vinakumbuka.

Mkao nao. Ukiinama kuangalia mapaja, shavu linaanza kupiga kama ngoma. Weka mto mnene mapajani, kazi iwe juu yake karibu na kifua, mgongo uegemee kiti. Mashine ya kufumia, ile ya kusukuma kichwa chake kulia na kushoto, inasubiri. Kuisukuma saa nzima ni kazi ya nguvu, na nguvu hurudisha damu.

Mstari wa kumi ukiisha, tepu. Laza kazi bila kuivuta, hesabu vitanzi ndani ya sentimita 10 katikati, mbali na kingo. Siku za maumivu mara nyingi tepu inasema 24 badala ya 22. Chanzo chake kiko usoni. Mtu anayeuguza jino anakaza taya bila kujijua, taya ikikaza mabega yanapanda, mabega yakipanda kidole cha shahada kinaubana uzi. Vitanzi viwili vinaonekana kama si kitu, lakini 82 kwa kipimo cha 24 ni sentimita 34 tu. Zimepotea 3 nyuma, na mbele ikifumwa hivyohivyo zinapotea 3 nyingine. Mtoto wa miaka 8 amepata sweta ya mtoto wa miaka 6, na mzazi hatataka kusikia habari za jino.

Dawa yake si kujiambia ulegeze mkono. Mkono ukiamriwa hukaza zaidi. Fumua mistari kumi, rudisha punje kumi kikombeni, vaa sindano za milimita 4.5, na funga midomo bila meno kugusana. Baada ya mistari mingine kumi pima tena. Ukikuta 22, endelea nazo hadi mwisho wa kipande. Kuibadilisha sindano katikati ya kipande pasipo kufumua ni kosa jingine, kwa kuwa mkanda wa vitanzi vilivyobana utabaki unaonekana hata baada ya kufuliwa.

Saa 4:40. Kitanzi kimeponyoka, na kimeshashuka mistari sita. Usiivute kazi pembeni uone kimefika wapi, utakishusha zaidi. Geuza upande wa mbele ukuelekee, ule wenye vitanzi laini kama mashina ya mtama. Chukua kulabu ya kroshia ya milimita 3.5. Juu ya kitanzi kilichoanguka utaona nyuzi sita zimelala kama vipago vya ngazi. Ingiza kulabu kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, nasa kipago cha chini kabisa, kivute kipite ndani ya kitanzi kije mbele. Hicho sasa ndicho kitanzi kipya. Nasa kinachofuata. Ukiruka kipago kimoja kitabaki kimelala nyuma peke yake, na sweta itakuwa na mfereji mahali hapo. Ukifika juu, rudisha kitanzi kwenye sindano ya kushoto mguu wake wa kulia ukiwa mbele, la sivyo kitajisokota. Wakati wa kazi hii ndipo mkono unapotaka kupeleka sindano ya pili mdomoni. Ichomeke kwenye donge la uzi.

Saa 5:00 paracetamol, mapumziko ya nusu saa, halafu mistari mingine. Kwa siku ya namna hii dakika 4 au 5 kwa mstari ni mwendo mzuri. Siku ya afya ni 3.

Saa 7:00 mchana. Viazi mviringo vilivyopondwa na maziwa, supu iliyochujwa, yai la kukoroga. Makande yasubiri, na wali pia: punje ya wali inaingia tunduni ikakaa humo. Pilipili isikaribie. Ugali laini unawezekana kwa mlenda, upande wa pili wa mdomo.

Kuanzia saa 8:00 hadi saa 9:00 ibuprofeni ya asubuhi imechoka. Saa hiyo haifumwi. Ni ya kuviringisha uzi, kusuka ncha ndani ya kipande kilichokwisha kwa sindano butu, na kuandika daftari. Wateja wanakuja pia saa hizo. Kuongea kunachosha taya kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo bei na tarehe ziwe zimeandikwa kwenye karatasi. "Pole fundi, usijibu," alisema mama mmoja mlangoni, "mimi nauliza, wewe tikisa kichwa." Ndiyo adabu ninayoitaka kwa kila mteja wa wiki hii.

Saa 9:00 alasiri. Mtindi, kisha ibuprofeni ya pili. Barafu ilikuwa ya siku mbili za mwanzo, dakika 20 juu ya shavu na 20 bila. Saa 48 zikishapita faida yake ni ndogo, sasa ni kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya moto ya kuvumilika, dakika 20 shavuni. Misuli ikilegea ndipo taya inajaribiwa: fungua polepole hadi pavute, si hadi paume, hesabu tano, funga. Mara kumi. Mdomo wenye afya hupitisha karibu vidole vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Siku ya tatu kimoja na nusu si haba.

Saa 10:00 kichwa kimekuwa safi tena, na hapa ndipo pa kuweka sehemu yenye hesabu. Mistari 16 ya mwisho inaisha, punje 60 zote ziko kushoto. Kwapa: funga vitanzi 4 mwanzo wa mstari huu na 4 mwanzo wa unaofuata, kisha punguza kimoja kila upande, mstari mmoja ndiyo mmoja hapana, mara nne. Kutoka 82 vibaki 66. Ukihesabu ukapata 67, usikimbilie kupunguza kimoja popote. Mara nyingi ni uzi uliorudi juu ya sindano mwanzoni mwa mstari ukafanya kitanzi kimoja kionekane viwili. Ufuatilie hadi ukingoni uuone.

Saa 12:00 jioni sindano zinalala. Taa ya balbu na uzi wa bluu iliyokoza havipatani hata kwa mzima.

Saa 1:00 usiku. Paracetamol, uji, kusukutua, mswaki. Ndio wakati wa kujikagua pia, kwa sababu balaa la tundu hupenda kuanza kati ya siku ya tatu na ya tano. Maumivu yaliyokuwa yanapungua yakapanda ghafla, yakaelekea sikioni, pamoja na harufu mbaya na tundu linaloonekana tupu, maana yake bonge limetoka na mfupa uko wazi. Hilo halitibiwi kwa kuongeza vidonge wala kwa kupachika karafuu. Daktari ataliosha na kuweka dawa ndani, na nafuu huja haraka. Homa, uvimbe unaozidi baada ya leo, au kumeza na kupumua kwa shida ni hospitali usiku huohuo. Mdomo wa chini ukibaki na ganzi hadi sasa, mwambie daktari kesho. Neva inapita karibu na mizizi ya gego hilo.

Saa 5:00 usiku, glasi ya maziwa na ibuprofeni ya mwisho, mito miwili. Ulimi unakuta ncha ya uzi inaning'inia kwenye fizi. Ni uzi wa kidonda, ule unaoyeyuka, na huanza kulegea wenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Mkono uliozoea kuficha ncha utawasha. Usiivute, usiikate. Fundo la upande wa pili bado limeshika.