Sindano nne za mapafu yasiyo yangu

Wiki ya 31 ya mimba, chupa ya uzazi ikapasuka nikiwa ndani ya matatu, Kondele, Kisumu. Wodini nikadungwa dawa ya deksamethasoni, miligramu 6 kila saa 12, mara nne. "Sista, mimi si mgonjwa, ya nini?" Akacheka: "Si yako mama, ni ya mapafu ya mtoto."

Kumbe siku zikikaribia, mtoto hutoa homoni ya kotisoli yake mwenyewe. Hiyo ndiyo huhimiza mapafu kutengeneza ute unaozuia vifuko vya hewa kunywea na kushikana. Wangu alikuwa na haraka (kama babake), basi dawa ikafanya kazi ya homoni hiyo. Na chanzo cha tiba hii ni majaribio kwa kondoo wa New Zealand! Kisha madaktari wa huko, Liggins na Howie, walichapisha majaribio ya dawa ya aina hii kwa akina mama 1972.

Sasa amelala kifuani pangu, kilo 1.6, anakoroma kama mzee.