Sababu irekodiwe kabla dirisha halijashushwa

Sera nyingi za polisi zinakataza kumsimamisha mtu "kwa sababu ya rangi pekee". Hilo neno "pekee" ndilo tundu lenyewe. Mwaka 1975, katika kesi ya Brignoni-Ponce, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa askari wa mpakani kusimamisha gari kwa kuwa tu waliomo wanafanana na Wameksiko, lakini ikaacha sura ihesabiwe pamoja na vigezo vingine. Basi askari huongeza taa ya nyuma iliyokufa, na hoja yake inatimia. Ni nani asiyekutwa na kosa dogo la barabarani akifuatwa kilomita tatu?

Mei 2013 Jaji G. Murray Snow aliamua kwamba askari wa sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti) wa Maricopa, Arizona, waliwabagua Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwenye misako yao ya kutafuta wahamiaji wasio na vibali. Amri yake ya Oktoba mwaka huo ina mambo ya kuigwa. Askari hurekodi sababu ya kusimamisha gari kabla hajazungumza na waliomo. Akingoja hadi baadaye, sababu huwa imeshajua matokeo. Hurekodi pia namba ya gari, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, kama suala la uhamiaji liliulizwa, na asili ya dereva na abiria kwa jinsi alivyowaona yeye. Kuwauliza asili yao hairuhusiwi. Ni sawa kabisa: kinachopimwa ni jicho la askari, si ukoo wa dereva.

Fomu nzuri ya kurekodi hayo nayo huharibika. Safu ya abiria huachwa wazi, ilhali abiria, asiye na kosa lolote la barabarani, ndiye huombwa vitambulisho. Waliosimamishwa wakaachiwa kwa onyo la mdomo wasiporekodiwa, misako mitupu hutoweka kwenye takwimu. Na doria ikipelekwa pale vibarua wa Kilatino wanapongojea kazi, uteuzi umeshafanyika kwenye ramani, kwa hiyo mkuu wa doria naye aandike kwa nini alichagua eneo hilo.

Wakati wa kuchambua, usilinganishe waliosimamishwa na sensa ya wakazi; wanaoendesha usiku si picha ya wakazi wote. Linganisha askari kwa askari, zamu ileile, barabara ileile. Kisha tazama dakika: kwa kosa lilelile, nani alishikiliwa zaidi?